Mto Usio na Roho Una Kosa Gani?

Kutoka Rwamishenye, Bukoba

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu wa pwani, mimi ni wenu. Nilizaliwa Tanga, chuoni nilisoma huko huko, na riziki ikanivuta mpaka huku Rwamishenye, kando ya mji wa Bukoba, mahali ambapo migomba huanzia mlangoni pa mtu na kuishia mlangoni pa jirani yake. Miaka mingi imepita, na wajukuu zangu hukisema Kihaya vizuri kuliko Kiswahili. Walakini nikishika kalamu, ninaowaandikia ni nyinyi, na leo nawaandikia kwa ugomvi. Namwomba radhi mapema atakayeuona ukali wa maneno yangu. Kwa hoja zenyewe siombi radhi.

Kisa chenyewe ni hiki. Jirani yangu hapa ana kijana, Mwislamu mtoto wa Waislamu, aliyehitimu msahafu mbele ya macho yangu. Kazi yake ni kuandika mabango ya maduka na majina ya magari, na siku asizo na kazi huchora. Wajomba zake wako ng'ambo ya mpaka, upande wa Uganda, karibu na mahali Mto Kagera unapoingia Ziwa Viktoria. Alikwenda kuwazuru wakati wa masika, akarudi akachukua ubao wa plaiwudi upana wa mikono miwili, na kwa rangi za mafuta, zile zile za kupakia milango, akauchora mdomo wa mto ule.

Nawaeleza picha hiyo ilivyo, maana hukumu bila ya maelezo ni dhulma. Ndani yake hamna mtu, wala ng'ombe, wala ndege, wala samaki. Mna maji, matope, mafunjo na mbingu. Mto unatokea juu kabisa, mwekundu kama udongo wa kaburi jipya, kisha unashuka, unapanuka na kugawanyika mikono mikono baina ya mafunjo, mpaka wekundu wake unapomezwa na maji meusi ya ziwa. Mafunjo yameinamia upande mmoja yote, kama safu ya watu katika rukuu. Rangi ameipaka nene hata ukipitisha kidole unasikia matuta. Wenye elimu ya jiografia hupaita mahali kama hapo delta, pale mto unapochoka, ukapunguza mbio, ukautua chini udongo ulioubeba na kujikatia njia nyingi za kupitia. Ikiwa kijana wetu ameongeza mkono mmoja au miwili ya mto isiyokuwako, hiyo ni haki ya mchoraji.

Niliinunua. Nikaikunja ndani ya mkeka, nikaipeleka kwa basi mpaka Tanga, iwe zawadi kwa mtoto wa dada yangu aliyeoa karibuni. Wakaitundika ukumbini, na bibi arusi akanipigia simu kunishukuru, akasema kila mgeni anayeingia huisimamia na kuuliza habari za Bukoba.

Haikukaa mwezi. Ilipofanywa khitma nyumbani pale alikuwamo mgeni mmoja, mwalimu mwenye kilemba kizuri na sauti nzuri zaidi. Jina lake silitaji, kwani ugomvi wangu ni na maneno yake. Alipoinua macho akaiona picha, alisita kula. Akasema picha ni haramu, na malaika hawaingii nyumba yenye picha. Akasema kupamba kuta ni israfu, na kwamba hayo ni mambo ya makafiri. Alipokwisha akaitazama tena akacheka: "Na mto gani huu mwekundu? Hata kuchora kwenyewe hakujua." Mpwa wangu, kwa haya, akaiondoa pale pale. Ikawekwa uani nyuma ya banda la kuni, mvua ikaipata, na mchwa wakamaliza.

Mke wa mpwa wangu akanipigia simu tena, safari hii kwa sauti ndogo: "Mjomba, tumekosa nini?" Na hapa Rwamishenye habari zilipomfikia kijana, alikuja kwangu baada ya Isha, akakaa kwa muda bila kusema, kisha akaniuliza: "Mzee, zile fedha ulizonipa, ni halali? Maana nilimnunulia mama dawa." Tangu siku hiyo brashi zake zimechomekwa darini, na mabango ya maduka nayo anayakataa.

Basi ndugu zangu, msidhani nagombea ubao. Ubao umeliwa na mchwa na umekwisha. Nagombea maswali mawili: la mwanamke anayedhani nyumba yake imekimbiwa na malaika, na la kijana anayedhani amemlisha mama yake haramu. Aliyeyatia maswali hayo nyoyoni mwao ameondoka na kilemba chake akaenda kula kwingine. Sisi tuliobaki hatuna budi kujibu.

HOJA YA KWANZA: KWAMBA PICHA NI HARAMU

Sitaingia katika mlango wa picha za watu na wanyama. Mlango huo una maneno mengi na wanazuoni wake, na atakaye auingie siku nyingine. Hapa tunasema juu ya mto.

Bukhari na Muslim wote wawili wamepokea kisa cha mtu mmoja aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kwamba yeye hana riziki ila ya kazi ya mikono yake, na kazi hiyo ni kutengeneza picha. Ibn Abbas akamweleza aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.), kwamba mwenye kutengeneza sura ataadhibiwa mpaka aitie roho, na hataweza kuitia. Yule mtu akashtuka mshtuko mkubwa hata uso ukambadilika. Ibn Abbas alipomwona hivyo akamwambia kwamba ikiwa hana budi ila kuifanya kazi yake, basi achore miti, na kila kitu kisicho roho.

Angalieni, ndugu zangu, adabu ya sahaba. Mbele yake alikuwapo mtu mwenye kijana wetu ndani yake: ana mikono, hana riziki nyingine, na uso umembadilika kwa hofu ya Mola wake. Ibn Abbas alimfungia mlango mmoja, na papo hapo akamfungulia mwingine ili mtu asife njaa, wala asife moyo. Mwalimu wetu wa Tanga alifunga yote miwili kisha akaomba maji ya kunawa.

Nasi wa pwani tunajisifu kuwa ni Mashafii, na vitabu vya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, vimo katika kila chuo chetu tangu zamani. Nawawi huyo huyo, katika sherehe yake ya Sahih Muslim, ameandika kwamba kuchora miti, na vitu vinginevyo visivyokuwa na sura ya mnyama, si haramu. Akaeleza pia kwamba miongoni mwa wa mwanzo alikuwako Mujahid aliyechukia kuchorwa mti wenye kuzaa matunda, na kwamba wanazuoni wengine hawakumfuata katika hilo. Basi hata tukimfuata Mujahid peke yake na kuwaacha wote waliobaki, mafunjo ya Kagera yanazaa tunda gani?

Sura ya An-Nahl, katika aya ya 116, inatuonya tusiziachilie ndimi zetu kusema uongo kwa kutamka hili halali na hili haramu, kwani huko ni kumzulia Mwenyezi Mungu. Tazameni kwamba onyo ni la pande mbili. Anayehalalisha haramu amezua, na anayeharamisha halali amezua vile vile. Lakini sisi tuna desturi mbaya: mwenye kulegeza tunamwita fasiki, na mwenye kukaza bila ya elimu tunamwita mchamungu, hali wote wawili wamesimama katika kosa moja.

HOJA YA PILI: KWAMBA MALAIKA HAWAINGII

Hadithi ya malaika kutoingia nyumba yenye picha ni sahihi, na ole wake anayeifanyia mzaha. Lakini sura inayosemwa humo, kama walivyoifahamu wengi wa wanazuoni, ni ya chenye roho. Lau ingekuwa ni kila kilichochorwa, basi malaika wasingaliingia nyumba yoyote ya pwani. Nendeni mkatazame misala yenu. Msala wa nani hauna Al-Kaaba au kuba ya Madina? Ukuta wa ukumbi wa nani hauna picha ya Makka iliyoletwa na aliyehiji? Hizo ni picha za mawe na minara, na hakuna aliyezikataza, kwa sababu mawe hayana roho. Mto nao hauna.

Na nitasema jingine, ingawa linaniuma. Usiku ule wa khitma, baada ya mto kuondolewa ukutani, vijana wa nyumba walitoa simu zao, na mwalimu akasimama katikati yao akanyosha kilemba, akapigwa picha, akaomba aletewe naye. Simlaumu kwa picha ya simu. Wako wanazuoni wanaoiruhusu na wako wasioiruhusu. Namlaumu kwa kuwa na mizani mbili, moja ya uso wake na nyingine ya mto wa Kagera.

HOJA YA TATU: KWAMBA NI ISRAFU

Hapa nampa haki yake, kwani hoja hii ina msingi. Muslim amepokea kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba aliuvisha mlango wake kitambaa, na Mtume (s.a.w.) alipokiona alichukia, akakivuta akakirarua, akasema kwamba Mwenyezi Mungu hakutuamrisha kuvisha mawe na udongo. Hadithi hii ni nzito, nami siipiti kwa haraka. Nawawi alipoieleza alisema maneno hayo yanaonyesha kwamba jambo hilo halikuamrishwa, na kwamba linachukiza bila ya kufika uharamu. Basi mwenye kupamba kuta zake mpaka akasahau mafukara, hadithi inamhusu, tena imshike shingoni.

Kadhalika ipo habari ya ile nguo yenye mapambo aliyoletewa Mtume (s.a.w.) na Abu Jahm, akasali nayo, kisha akairudisha kwa kuwa ilimshughulisha katika sala yake. Kwa hiyo picha yoyote, hata ya mto, isitundikwe upande wa kibla ambapo watu wa nyumba husali. Laiti mwalimu angalisema hivyo! Angalisema, "Bwana, ihamishieni ukuta ule," ningalimwandikia barua ya shukrani.

Lakini tuiulize israfu iko wapi. Bei ya ubao ule haikufika bei ya nyama iliyopikwa siku ile ya khitma. Na katika ukumbi ule ule ilibaki saa kubwa ya ukutani yenye maporomoko ya maji ya plastiki, ukiiwasha taa maji hujifanya yanatiririka, na nyuma yake milima ya theluji ya nchi asiyoijua mtu yeyote wa nyumba ile. Saa ile ilinunuliwa kwa bei kubwa zaidi, na mwalimu hakuinulia hata ukope. Kwa hiyo kilichoondolewa hakikuwa israfu. Kiliondolewa kitu kimoja tu ambacho Mwislamu mwenzetu alikitengeneza kwa mikono yake.

HOJA YA NNE: KWAMBA NI MAMBO YA MAKAFIRI

Tusafiri kidogo mpaka Damaski. Khalifa al-Walid bin Abdul-Malik, aliyetawala tangu mwaka 705 hata 715, yaani katika karne ya kwanza ya Hijra, alijenga pale Msikiti Mkuu wa Bani Umayya. Kuta zake alizipamba kwa vipande vidogo vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu. Je, alichora nini? Alichora miti mirefu, nyumba, madaraja, na mto unaopita chini yake. Kipande kimoja kina urefu wa zaidi ya mita 30, na watu wamekizoea kwa jina la Barada, mto wa Damaski. Ndani yake hamna mtu hata mmoja, wala mnyama. Wako wanaosema ni sura ya mji wa Damaski, na wako wanaosema ni sura ya Pepo. Kwa karne nyingi sehemu kubwa ilifunikwa na chokaa, hata ilipofunuliwa katika miaka ya 1920 ulimwengu ukashangaa.

Basi picha ya mto imo msikitini, katika msikiti ambao maimamu na wanazuoni wamesali na kusomesha kwa zaidi ya miaka 1,300. Mnasemaje?

Atasema mtu: mafundi walitoka Rumi. Huenda, na wanahistoria wanabishana katika hilo. Lakini aliyeamrisha ni khalifa wa Waislamu, na kilichoachwa nje, yaani sura za viumbe, kiliachwa kwa ajili ya dini yake. Al-Muqaddasi, msafiri wa karne ya kumi, mzaliwa wa Baitul-Maqdis, ameandika kwamba ni shida kuutaja mti au mji mashuhuri usiokuwamo katika kuta zile. Naye kwanza alinung'unika kama mwalimu wetu, akamwambia ami yake kwamba al-Walid aliipoteza mali ya Waislamu, na kwamba bora angalijenga barabara na mabirika. Ami yake akamjibu kwamba al-Walid aliikuta Shamu imejaa makanisa ya kupendeza, akaona Waislamu nao wawe na jengo litakalowatosha macho, wasiende kuvitamani vya wengine.

Maneno ya mzee huyo naomba kila mwenye nyumba ayasikie, kwani ndiyo dawa ya saa ya plastiki. Moyo wa mwanadamu hauachi kutafuta cha kutazama. Ukiunyima kizuri cha kwao, utakwenda kununua kibaya cha wengine.

Na sisi wa pwani tutawezaje kusema kupamba ni kwa makafiri? Wazee wetu wa Lamu walichonga vidaka vya chokaa ukuta mzima. Wazee wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, waliandika misahafu wakaizungushia nakshi za rangi nyekundu na nyeusi. Milango ya Unguja na Mombasa ina minyororo, maua, mitende, mawimbi chini, na mingine ina samaki pia. Kila siku mwalimu hupita chini ya milango hiyo na kuisifu. Sasa nambieni, wimbi lililochongwa mtini ni urithi wa wazee, lakini wimbi hilo hilo likipakwa rangi juu ya ubao huwa ukafiri?

HOJA YA TANO: KWAMBA MTO SI MWEKUNDU

Hii kwake ilikuwa mzaha tu, na ndiyo iliyonichoma kuliko zote.

Yako mapicha yanayofuata kitu kama kamera, na yako yanayofuata kitu kama moyo ulivyokiona. La pili si upungufu wa ujuzi. Mtu akikuhadithia msiba wa nyumbani kwake hakupi hesabu ya viti. Kijana wetu aliuchora mto kama watu wa mto wanavyoujua, na watu wa Kagera wanaujua hivi.

Maji ya Kagera hutoka katika milima ya Burundi na Rwanda, hupita maporomoko ya Rusumo mpakani na Tanzania, hupita Kyaka, kisha huingia ziwani ng'ambo kidogo ya mpaka wa Uganda. Hakuna mto unaomimina maji mengi katika Ziwa Viktoria kuliko huu. Mvua ikinyesha katika milima ile iliyolimwa mpaka kileleni, udongo wake huteremka na maji. Wakati wa masika, basi, mto huu huwa mwekundu kweli, na anayebisha apande basi aje.

Na uko wekundu mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoa huu, yakashika ardhi yote ya kaskazini ya mto, na daraja la Kyaka likavunjwa. Wazee hapa Rwamishenye bado wanausimulia usiku wa mizinga. Kisha ukaja mwaka 1994. Tarehe 7 Aprili mauaji yakaanza Rwanda, na katika siku mia hivi wakauawa watu wanaokisiwa kuwa 800,000 na zaidi. Mwishoni mwa Aprili watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Na waliotupwa mtoni, mto uliwachukua. Uliwapitisha hapa kwetu, ukawafikisha mdomoni, pale pale alipochora kijana, na ziwa likawatoa pwani. Wavuvi na wanavijiji wa Rakai na Masaka waliwaokota kwa maelfu wakawazika, bila ya kujua jina la hata mmoja wao, na watu wakaacha kula samaki.

Wajomba wa kijana huyu ni watu wa ufuko huo. Habari hizo amelelewa nazo.

Sasa fikirini. Mchoraji mwingine angalichora miili, na watu wangalikuja kuitazama kwa pupa kama wanavyotazama ajali. Yeye hakuchora mwili hata mmoja. Aliogopa hukumu ya sura, na aliwaonea haya maiti. Akauacha mto wenyewe useme, na mafunjo yainame kama safu katika rukuu. Katazo la dini halikumbana kijana huyu. Lilimfunza sitara. Hapo ndipo ninapowajibu na wale wa upande wa pili, wanaojiita wastaarabu, wanaosema kwamba sanaa ya Mwislamu ni maskini kwa kuwa haina watu. Waje wausimamie mto ule mwekundu dakika mbili, kisha waniambie kama hauna watu.

Huyo ndiye aliyeambiwa kwamba hakujua kuchora.

JAMBO TUNALOLIACHA

Katika Sura ya Ar-Raad, aya ya 17, Mwenyezi Mungu anatupigia mfano wa maji yateremkayo kutoka mbinguni, mabonde yakapita kila moja kwa kadiri yake, na mafuriko yakabeba povu juu yake. Povu hupita bure likapotea, na kinachowafaa watu ndicho kinachobaki ardhini. Mimi niliusoma mfano huu miaka mingi kama mtu anayesoma barua ya wengine. Siku niliyoitundika picha ile kwangu kabla ya kuipeleka Tanga, niliufahamu. Kinachobaki ardhini ndiyo hiyo delta. Ni udongo ulioachwa baada ya povu kwenda, na juu yake watu hulima mpunga wakala. Na katika Al-Furqan, aya ya 53, anatukumbusha bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi, na kizuizi baina yao. Ni nani anayepaswa kuijua aya hiyo kuliko mtu wa pwani, ambaye mito yake yote huishia chumvini?

Mnazo delta zenu. Mnao Rufiji, wenye msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko wote katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kutoka Simba Uranga boriti zilipakiwa majahazini zikapelekwa Arabuni, na boriti kama hizo ndizo zilizobeba dari za nyumba mlizozaliwa. Ndani ya vijito hivyo Wajerumani waliificha manowari yao Königsberg mpaka ilipoangamia Julai 1915. Mnao Tana, unaoingia baharini Kipini, pale wazee wanaposema amelala Fumo Liyongo. Mnao Pangani, ambao mji mzima umeuchukua jina lake. Na mito hii haikai kama ilivyo. Juu ya Rufiji sasa lipo Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024, na mwaka ule ule mafuriko yalizoa mashamba ya watu huko chini. Kilichopo leo wajukuu huenda wasikione. Ni nani aliyeuchora mkoko wa Rufiji, akautundika kwake? Nimeingia nyumba nyingi za pwani, na mkoko ukutani sijauona. Theluji nimeiona mara nyingi.

MANENO YA MWISHO

Kwa walimu wetu nasema: nyinyi mnaheshimiwa, na neno lenu katika nyumba ya watu ni kama moto katika nyumba ya makuti. Kabla ya kusema haramu, ulizeni picha ni ya nini, iko ukuta gani, na nani ameichora. Na kama hamjui, basi kusema "sijui" ni nusu ya elimu.

Kwa wenye nyumba: haya mbele ya mgeni isiwatoe katika haki. Mpwa wangu nampenda, lakini alipaswa kusema, "Maalim, tutauliza," akaiacha mahali pake mpaka aulize. Aliyekosa kuuliza amepoteza ubao, na amemvunja moyo mtu asiyemjua.

Kwa mke wa mpwa wangu: binti yangu, hukukosa kitu. Malaika hawakimbii mto.

Na kwako wewe kijana, ambaye barua hii utasomewa na wanangu kabla haijafika pwani: fedha nilizokupa ni halali, na dawa uliyomnunulia mama ni halali, na thawabu yake iko kwa Mola wako inshaallah. Ibn Abbas amekwisha kukufungulia mlango tangu zamani. Usikubali ufungwe na mtu aliyepita kula khitma. Shusha brashi zako darini. Ubao mwingine nimekwisha kuununua, uko kwangu nyuma ya mlango. Uchore mto ule ule, tena usipunguze wekundu. Safari hii hautakwenda Tanga kabla ya mimi kwenda mwenyewe, nikaushikilia ukutani kwa mikono yangu, upande usio wa kibla, na mwalimu yule nimwalike chakula.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliofikishwa pwani na mto bila ya majina, yeye anayajua majina yao. Atufunze tusiyoyajua, atuepushe na kuharamisha kwa ndimi zetu aliyoyahalalisha, na kuhalalisha aliyoyaharamisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.